KKK nje ya darasa: historia ya kusoma na kuhesabu majumbani Afrika Mashariki

Kusoma, kuandika na kuhesabu, stadi ambazo walimu wa Tanzania huzifupisha kuwa KKK, zilifundishwa barazani na majumbani Afrika Mashariki kwa karne kadhaa kabla ya serikali yoyote kujenga darasa. Waliozifundisha ni wengi: mwalimu wa chuo, mama wa nyumbani, mfanyabiashara, mmisionari, mwanafunzi aliyetangulia na, baadaye, mtangazaji wa redio. Vifaa vilibadilika kila kizazi. Sharti moja halikubadilika: mtoto alijifunza nyumbani kwa kadiri alivyompata mtu mzima anayejua herufi na namba na mwenye nafasi ya kukaa naye. Ndiyo maana historia ya masomo ya watoto majumbani haitenganiki na historia ya kisomo cha wazazi wao.

Chuo na siku yake

Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu na Pate hadi Kilwa, mtoto alipelekwa chuoni, yaani shule ya Kurani, angali mdogo, kwa kawaida akiwa na miaka sita au saba. Mara nyingi chuo hakikuwa na jengo lake. Kilikuwa baraza au sebule ya mwalimu, au pembe ya msikiti, na watoto walikaa chini juu ya jamvi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu Desturi za Wasuaheli, alikieleza chuo miongoni mwa mambo ya kawaida ya malezi, sawa na jando na unyago.

Siku ya chuo ilifuata saa za sala. Masomo yalianza asubuhi, yakakatika adhuhuri, yakaendelea hadi alasiri. Mapumziko ya juma yalianza Alhamisi na kuendelea Ijumaa. Kila mtoto alisoma sehemu yake kwa sauti, na wote walisoma kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali alipofikia. Mgeni alisikia kelele tu, lakini mwalimu mzoefu aliweza kuitambua sauti iliyokosea na kuirekebisha bila kuinuka. Watoto wakubwa waliwashika wadogo, na kwa njia hiyo mwalimu mmoja aliweza kuongoza kundi la watoto wa viwango tofauti.

Mafunzo yalikwenda kwa hatua. Mtoto alianza na majina ya herufi, kisha irabu, kisha kuunganisha herufi kuwa maneno, ndipo akaingia katika sura fupi za Juzuu Amma. Mwalimu aliandika somo kwenye ubao kwa kalamu ya mwanzi. Mtoto alipolihifadhi, ubao ulioshwa na somo jipya likaandikwa. Aliyemaliza msahafu wote alihitimu, na wazazi walifanya karamu na kumpa mwalimu zawadi. Malipo mengine yalitolewa kidogo kidogo kadiri mtoto alivyopanda hatua, kwa fedha au kwa nafaka.

Upungufu wa mfumo huu ulikuwa katika lugha. Watoto wengi walijua kutamka maandishi ya Kiarabu bila kuelewa maana yake. Hata hivyo, herufi hizohizo zilitumika kuandika Kiswahili: barua, hati za mauzo ya mashamba, mikataba ya biashara na tenzi. Mtoto aliyetoka chuoni akarudi katika nyumba iliyopokea na kutuma barua alipata nafasi ya kuyatumia maandishi kwa lugha aliyoielewa. Asiyekuwa na nyumba ya namna hiyo mara nyingi aliishia kwenye kuhifadhi.

Masomo ya wasichana

Wasichana wengi walianza chuoni pamoja na wavulana, lakini walipokaribia kuvunja ungo waliwekwa ndani. Kwao masomo ya nyumbani hayakuwa nyongeza ya chuo. Ndiyo yaliyokuwa masomo yenyewe, na mwalimu alikuwa mama, shangazi au mwanamke mwingine msomi wa mtaani. Ushahidi mashuhuri wa masomo hayo ni utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, uliotungwa mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Karibu na mwanzo wa utenzi mama anamwita mwanawe aketi karibu naye akiwa na wino na karatasi. Mwito huo unaonyesha kwamba katika nyumba za namna hiyo vifaa vya kuandikia vilikuwapo, na mama na binti waliweza kuvitumia.

Nyumba nyingine hazikuruhusu kiasi hicho. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kutoka kwenye msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao wa kuandikia. Baadaye mtumwa mmoja msomi alimwelekeza hadi mkono ukazoea. Kuhusu hesabu alieleza kuwa ilifundishwa kwa kuandika hadi 100, na kwa kichwa hadi 1,000.

Hesabu ya sokoni na jikoni

Nje ya jumba la kifalme hesabu haikuwa somo la ubaoni. Mtoto aliipata katika kazi. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba 4 vilifanya pishi 1. Bidhaa nzito kama karafuu na pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, iliyokaribia kilo 16. Nguo zilihesabiwa kwa doti, yaani vipande 2, na kwa korija, yaani vipande 20. Mtoto aliyetumwa dukani akiwa na kapu na pesa chache alijifunza kuzidisha, kugawanya na kurudisha chenji kabla hajajua kuiandika tarakimu hata moja.

Fedha zilikuwa na ugumu wake. Rupia iliyotumika katika mwambao wa Tanganyika chini ya Wajerumani iligawanywa katika pesa 64. Mgawanyo huo humzoesha mtu kukata nusu mara nyingi: nusu rupia ni pesa 32, robo ni 16, na nusu ya robo ni 8. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa upya rupia katika heller 100, na baada ya Waingereza kuichukua nchi ilikuja shilingi ya senti 100. Watu wazima waliozoea kukata nusu kwa nusu walilazimika kujifunza kuhesabu kwa makumi, wakati watoto wao waliikuta hesabu ya makumi kama jambo la kawaida.

Michezo nayo ilifundisha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huhesabu kwa jicho tu mahali kete zake zitakapoishia kabla ya kuzigusa. Watoto walitazama wakubwa wakicheza barazani, kisha wakachimba mashimo ardhini na kucheza kwa kokoto au komwe.

Silabi zinafika bara

Katikati ya karne ya 19 wamisionari walileta njia nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha vitabu vya Kiswahili Zanzibar. Herufi hizo zilikuwa na faida moja katika kufundisha: Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake nyingi huishia na irabu, hivyo jedwali la ba, be, bi, bo, bu likishaeleweka, mtoto anaweza kusoma hata maneno ambayo hajawahi kuyaona yameandikwa. Aliyejua jedwali aliweza kulifundisha jioni moja hadi nyingine bila kuwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo.

Hivyo ndivyo kusoma kulivyoenea Buganda baada ya wamisionari wa CMS kufika mwaka 1877. Alexander Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia, na karatasi zake za silabi zilikwenda mkono kwa mkono. Wanafunzi wa kwanza walisoma maandishi ya Kiswahili kwa kuwa vitabu vya Luganda vilikuwa havijapatikana. Waliokwisha kujua walikwenda kuwafundisha wengine majumbani mwao, na neno la Kiganda la msomaji likawa jina la mfuasi wa dini mpya.

Serikali ya Wajerumani ilifungua shule Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Kiswahili cha herufi za Kilatini kikawa lugha ya maakida na makarani. Chini ya Waingereza shule ziliongezeka polepole, lakini watoto wengi hawakufika darasani, hasa wasichana. Katika nyumba ambamo mtoto mmoja tu alisoma, mambo yaligeuka: mtoto ndiye aliyewasomea wazazi barua, stakabadhi ya kodi na gazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilifika vijijini kwa njia hiyo. Nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi, na wadogo waliokaa kando walijifunza kwa kuchungulia mistari.

Kisomo cha wazazi

Wakati wa uhuru, tatizo la masomo ya nyumbani lilikuwa kwa wazazi wenyewe. Sensa ya Tanzania ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu thuluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Kwa mtoto wa Tanzania uamuzi huo ulikuwa na matokeo ya moja kwa moja nyumbani: daftari lake liliandikwa kwa lugha ambayo mzazi wake, akijua kusoma, angeweza kuielewa. Kenya ilichukua njia nyingine. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza, na ingawa Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya mazingira kwa miaka ya mwanzo, wazazi wengi walijikuta wakitazama daftari wasiloweza kulikagua.

Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria mradi uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeanza mwaka 1968, ukitumia vitabu vya kisomo chenye manufaa vilivyofundisha silabi kwa kupitia kilimo cha pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na maarifa ya nyumbani. Mkulima alijifunza kusoma maneno aliyokuwa akiyatumia shambani na kuhesabu uzito aliokuwa akiuona kwenye mizani ya chama cha ushirika. Madarasa yalikaa chini ya miti, katika shule baada ya watoto kutoka, na barazani. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kusoma kijitabu na kujadiliana.

Mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi ziliwaweka chini ya asilimia 10. Nchini Kenya Idara ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa mwaka 1979, na madarasa yake yakajulikana kwa jina la ngumbaru. Katika nyumba nyingi za miaka hiyo mama na mtoto walikuwa wanafunzi wa silabi zilezile, wakishika vitabu viwili tofauti kwenye taa moja.

Mafanikio hayo hayakudumu yote. Mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980 ulipunguza fedha za kisomo, magazeti ya vijijini yalikufa, na waliojifunza bila kupata cha kusoma walisahau. Sensa ya mwaka 2002 iliwakuta karibu watu wazima 3 katika kila 10 nchini Tanzania hawajui kusoma.

Redio yafundisha

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliitaka Tanzania iwaandikishe watoto wote shule ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa vijijini mwao, wakifundisha huku wakisoma masomo ya posta na kusikiliza vipindi vya redio. Elimu ya mbali, ambayo baadaye ilihusishwa na watoto walio nyumbani, ilikuwa kwanza njia ya kumwandaa mwalimu.

Kuwafundisha watoto wenyewe kwa redio kulihitaji mbinu tofauti, kwa kuwa mtoto mdogo hasikilizi hotuba. Mbinu hiyo ilibuniwa Nicaragua mwaka 1974 katika mradi wa hisabati wa redio ulioendeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mtangazaji huuliza swali, kwa mfano tano ongeza tatu ni ngapi, kisha hunyamaza sekunde chache. Watoto hujibu kwa sauti, halafu redio hutoa jibu sahihi, na aliyekosea hujisahihisha papo hapo. Katika nusu saa mtoto hujibu mara nyingi, huimba, husimama na kuhesabu kwa vidole au vijiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliijaribu mbinu hiyo kwa Kiingereza cha madarasa matatu ya kwanza. Zanzibar iliitumia tangu katikati ya miaka ya 2000 katika vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa maandalizi, waliokusanyika karibu na kwao chini ya usimamizi wa walezi wa kijijini. Mlezi hakuhitaji kuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuwasha redio kwa wakati, kuwapanga watoto, kugawa kokoto za kuhesabia na kuhakikisha aliye nyuma naye anajibu.

Januari 2014 katuni ya Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa TBC1, ikifundisha hisabati kwa Kiswahili kwa hadithi na nyimbo. Ilifuatiwa na Akili and Me kwa watoto wa chini ya umri wa shule.

Kipimo mlangoni

Uganda iliondoa ada za shule za msingi mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003. Madarasa yalijaa, na swali likawa iwapo watoto walijifunza. Mpango wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa India, uliamua kulijibu swali hilo kwenye kaya badala ya shuleni. Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi, pamoja na hesabu za kutambua namba, kujumlisha, kutoa na kuzidisha, zote za kiwango cha darasa la pili. Wazazi wengi kwa mara ya kwanza walimwona mtoto wao akishindwa, au akiweza, kusoma mbele yao.

Matokeo yaliyotangazwa kuanzia mwaka 2010 yalionyesha katika nchi zote tatu kwamba watoto wengi walikuwa wamevuka darasa la pili bila stadi za darasa hilo. Yalionyesha pia kwamba watoto wa kina mama waliosoma walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao. Serikali zilijibu darasani: Kenya ilianzisha programu ya Tusome mwaka 2015, na mwaka huohuo Tanzania ilianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioelekezwa kwenye KKK. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, ulimpa mzazi jukumu rasmi katika kazi za nyumbani, na ulileta malalamiko kutoka kwa wale waliokosa muda au vifaa vilivyotakiwa.

Mwaka 2020

Machi 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga shule karibu kote. Kenya ilitangaza tarehe 15, Tanzania tarehe 17, na shule za Uganda zikafungwa tarehe 20. Burundi haikufunga. Kwa waliofunga, siku nzima ya masomo ilihamia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu shule zienee. Kenya ilitangaza vipindi kupitia redio za KBC na televisheni ya Edu Channel kwa ratiba ya saa za shule, kila darasa na kipindi chake. Tanzania ilitumia redio na televisheni pamoja na maktaba ya mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Uganda ilichapisha vijitabu vya kujisomea na kuvisambaza, na masomo mengine yalitolewa magazetini.

Siku ya namna hiyo ilitegemea mambo matatu: chombo, muda na msimamizi. Nyumba yenye redio moja na watoto wa madarasa manne ililazimika kuchagua kipindi cha nani kisikilizwe. Watoto wengi, hasa wasichana na wa vijijini, walikuwa na kazi za shamba, maji na ulezi wa wadogo saa zilezile za vipindi. Redio iliyofundisha bila mlezi ilirudia kosa ambalo mbinu ya Nicaragua ilikusudia kulikwepa, yaani mtoto kusikiliza bila kujibu. Palipokuwa na mzazi, kaka au dada anayejua KKK, somo la nusu saa liliendelea kwa kusoma kwa zamu, imla, na hesabu za vitu vilivyopo, kama vikombe vya unga au chenji ya dukani.

Muda wa kufungwa ulitofautiana sana. Shule za msingi za Tanzania zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Kenya iliwarudisha wanafunzi wa madarasa machache Oktoba 2020 na wengine Januari 2021. Uganda ilifungua kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na ikafungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, baada ya kufungwa kwa muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watoto walirudi wakiwa na tofauti kubwa za uwezo ndani ya darasa moja, na walimu walilazimika kuanza na silabi na hesabu za awali kwa wale ambao nyumbani hawakuwa na wa kuwafundisha.